Mtoto Aliyeambiwa Asimame

Siku hizi simu yangu ikiita ni mwanangu anaulizia magoti yangu, au mtu wa kikundi cha kanisa ananikumbusha zamu ya kupanga maua. Sishtuki. Zamani ikiita nilianza kutafuta viatu kabla sijapokea. Kama kustaafu ustawi wa jamii kuna utamu, utamu wenyewe ndio huo: kuna mtoto mahali fulani Tunduma ana shida, na anayetafuta viatu ni mwingine. Nyie maafisa wapya ndio mnaovitafuta sasa. Mmeniomba niwaandikie uzoefu. Uzoefu ni neno la kwenye semina, mimi nitaandika yaliyotokea, na nitakaa zaidi upande wa mahakamani, maana najua ndiko mnakokuogopa.

Mimi ni Mpare wa Same. Nilipomwambia mama yangu nimepangiwa kazi huku ambako siku hizi ni Songwe, aliuliza kama huko wanakula makande. Nikamjibu sijui, ila nasikia kuna baridi. Nikakuta baridi ya Mbozi, vumbi la Tunduma na joto la Momba, vyote ndani ya mkoa mmoja, pamoja na pikipiki ya ofisi iliyokuwa inawaka ikijisikia. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tulichogawana na mtu wa mifugo. Mtu akija na kesi ya mtoto na mwingine akaja na ng'ombe mgonjwa, mwenye ng'ombe ndiye aliyekuwa na haraka zaidi.

Siku yangu ya kwanza mahakamani nilikaa benchi la washtakiwa. Hakuna aliyeniambia. Niliona benchi lina nafasi, watu wamekaa kwa adabu, nikajiunga nao. Askari akapita anahesabu, akanifikia, akasimama.

"Wewe dada, kesi yako ya nini?"

"Ya mtoto."

"Umemfanya nini?"

Nilianza kueleza na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwenye hatia. Aliyeniokoa ni karani wa mahakama, Bi Tusekile, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti ya kuitia watu walio nje ya geti. Akamwambia askari, "Huyo ni wa ustawi, mwache." Kisha akanigeukia. "Kwenu wapi?" Nikasema Same. Akacheka mpaka majalada yakamtoka mkononi. "Mpare! Basi umefika nyumbani. Wenzako kwa kupenda kesi wanauza ng'ombe ili washtakiane, wewe umeletewa kesi na serikali."

Tangu siku ile hakuniita jina. Aliniita Mpare, mbele ya watu na nyuma ya watu, na ndiye aliyenifundisha kazi kuliko chuo. Namtaja mapema ili mjue deni langu la shukrani liko wapi.

Wakati ule sisi na watu wa mahakama tulikuwa hatuelewani kabisa. Wao walituona watu wa huruma nyingi na ushahidi kidogo. Sisi tuliwaona watu wa vifungu. Hakimu tuliyekuwa naye, mwenyeji wa Lindi, mtu mpole ambaye nitamwita Mheshimiwa tu, alikuwa akikutana nami sokoni ananijulia hali vizuri, lakini siku nikiwa na shauri mbele yake ananipita kwenye korido kama hanijui. Nikamlalamikia Bi Tusekile kwamba bosi wake anaringa. Akaweka kalamu chini.

"Mpare, siku ya kesi akikuchekea wewe, wakili wa upande wa pili atakata rufaa kwa hayo meno. Mwache anune. Anakulinda."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Nilikuwa nimeuchukia mnuno wa yule baba kwa miezi, kumbe mnuno wenyewe ulikuwa sehemu ya kazi yake.

Kuandika taarifa nako nilifundishwa kwa aibu. Taarifa yangu ya kwanza ilijaa "inasikitisha sana" na "kwa uchungu mkubwa". Mheshimiwa aliisoma yote kwa utulivu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Afisa, mahakama haijaomba kusikitishwa. Imeomba kuambiwa." Nikaenda kuandika upya. Andikeni mlichokiona: mtoto analala wapi, anakula nini, nani anamwamsha, shule iko umbali gani, nani alikuambia na alikuwa anafanya nini alipokuambia. Mkiandika hayo sawasawa, hakimu atasikitika mwenyewe bila kuombwa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Chupa ya chai, maandazi, kanga mbili, na buti za mvua. Buti nilizinunua baada ya safari ya Ivuna, nilikokwenda kuwaona ndugu wa mtoto mmoja wanaochemsha chumvi. Nilikwenda na viatu vya ofisini, tope likakibakiza kimoja, na nikafanya mahojiano yote nimeegemea mguu mmoja kama korongo. Wale kina mama wa chumvi walikuwa na adabu, hawakucheka hadi nilipoondoka, ila nilikuwa sijafika mbali. Maandazi yalikuwa ya watoto. Mtoto asipelekwe mahakamani na njaa. Shauri likiandikwa saa tatu linaweza kuitwa saa saba, na mtoto mwenye njaa hujibu chochote ili mradi aondoke.

Haya. Sasa niwaambie kuhusu Leya, kwa sababu ndiye aliyetufanya sisi na mahakama tuanze kufanya kazi kama watu wa nyumba moja.

Leya alikuwa na miaka kumi au karibu na hapo. Mama yake alifariki, akabaki Tunduma, mpakani na Zambia, kwa baba wa kambo, mwenye mgahawa karibu na maegesho ya malori. Baba huyo alimlea tangu hajaanza kutembea, na hilo sikulipinga hata siku moja. Lakini mama alipoondoka, mtoto aliacha kuonekana shuleni. Mwalimu wake ndiye aliyekuja kwetu. Nilikwenda pale mgahawani mchana, nikamkuta amezama kwenye sufuria kubwa kiasi kwamba niliona miguu kwanza. Akimaliza vyombo anabeba beseni la mayai na karanga kuzungukia malori, katikati ya mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na bodaboda, akiwaita madereva kwa Kibemba cha kuuzia alichokiokota hapohapo mpakani. Jioni inaingia yeye bado yuko kwenye malori.

Tulimwondoa, tukampeleka kwa bibi yake mzaa mama, Ihanda, kwa amri ya muda. Baba wa kambo akaweka wakili na kuomba mahakama imrudishie mtoto. Hoja zake zilikuwa nzito: ndiye aliyemlea, ana nyumba ya matofali, ana kipato, na bibi ni mzee mwenye shamba dogo la kahawa na mahindi. Mimi nilikuwa na taarifa yangu. Mheshimiwa akasema taarifa ameipokea, lakini kabla ya kuamua lazima amsikie mtoto mwenyewe. Ni sheria, na ni haki. Kwa hiyo mambo yote yakabaki mdomoni mwa Leya. Akisema, mahakama itapima. Asiposema, anarudi kwenye masufuria na malori.

Hakusema.

Siku ya kwanza aliingizwa ukumbini. Wakati huo hatukuwa na chumba cha watoto, tulitumia ukumbi uleule wa wezi na wagomvi, ila watu wa nje walitolewa na hakimu hakuvaa joho. Leya akasimamishwa mbele. Mheshimiwa, kwa upole wote wa Lindi, akamwambia, "Simama vizuri mwanangu, usiogope. Nitazame mimi. Hakuna anayekugombeza hapa." Nikaona magoti ya mtoto yanakunjika. Askari, kwa upole vilevile, akamshika kwapa akamnyoosha. Mheshimiwa akauliza anapenda kukaa wapi. Kimya. Akauliza tena kwa njia nyingine. Mtoto kakaza macho sakafuni, midomo imebana. Shauri likaahirishwa.

Mara ya pili ikawa hivyohivyo, na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nilikuwa nimemwandaa. Nilikuwa nimempitisha ukumbini mapema ukiwa mtupu, nimemwonyesha viti, nimemwambia nani atakaa wapi. Alicheka hata, akauliza kwa nini kiti cha hakimu kimepanda juu. Lakini siku yenyewe, alipoambiwa asimame na amtazame hakimu, akawa kimya kama maji ya mtungi. Magoti yakakunjika, askari akamnyoosha, yakakunjika, akamnyoosha.

Wakili wa baba wa kambo, Wakili Simbeye, kijana wa hukohuko Mbozi, mtanashati na mwepesi wa ulimi, akasimama. "Mheshimiwa, tunaambiwa mtoto huyu anazungumza sana akiwa na afisa ustawi. Mbele ya mahakama hana neno, na hawezi hata kuitazama mahakama machoni. Naomba mahakama ijiulize yale maneno kwenye taarifa ni ya nani."

Nilitamani kumrukia. Ila alikuwa anafanya kazi yake, na kusema kweli hata mimi, kama nisingemjua Leya, ningejiuliza hivyohivyo. Mheshimiwa akapanga tarehe nyingine, akasema itakuwa ya mwisho. Mahakama isipomsikia mtoto, itaamua kwa yaliyopo mezani. Na yaliyokuwepo mezani yalikuwa nyumba ya matofali na mtu aliyemlea.

Sikupata usingizi wa maana juma lile. Nikawa namlaumu askari, namlaumu wakili, nauliza kama baba wa kambo amempenyezea mtoto vitisho. Mwisho nikapanda pikipiki, siku hiyo ikakubali, nikaenda Ihanda bila kuaga.

Nilimkuta Leya uani peke yake, amekaa chini anapukuchua maharage, pembeni kahawa imeanikwa. Bibi alikuwa shambani. Nikakaa naye nikachukua maharage na mimi. Huyo mtoto aliongea mpaka masikio yangu yakachoka: kuku aliyetaga ndani ya ndoo, rafiki yake aliyeng'oka jino darasani, mwalimu anayeimba hesabu. Sasa huyu ndiye bubu wa mahakamani?

Katikati ya habari ya jino akaingia mzee wa kanisa, kaja kuazima bomba la kupulizia dawa. Leya akaacha maharage, akapiga magoti, macho chini, akamwamkia. Mzee akauliza bibi yuko wapi. Mtoto akajibu yote, kwa sauti iliyonyooka: bibi yuko shamba la bondeni, atarudi jua likipungua, na bomba liko kwa jirani wa ng'ambo ya barabara ila mpira wake umetoboka. Hakuinua macho hata mara moja. Alinyanyuka mzee alipomwambia, "Haya, mama, endelea na kazi."

Mimi nilikuwa nimeshakaa mkoani miaka. Wanawake na watoto wanaopiga magoti nilikuwa nawaona kila siku, wananipigia hata mimi, nimezoea hadi siwaoni tena. Bibi aliporudi nikamuuliza, taratibu, kwa nini anadhani Leya hasemi kule.

Bibi akanishangaa. "Atasemaje, mama, na anaadhibiwa?"

"Anaadhibiwa na nani?"

"Na yule baba mkubwa wa mahakama. Si anamsimamisha? Mtoto akisimamishwa mbele ya mkubwa, amekosa. Akitaka kushuka aombe radhi, askari anamwinua. Tena anaambiwa amkodolee macho. Sisi tukifika nyumbani mtoto analia, ananiuliza, bibi, nimekosa nini? Nami sijui nimwambie nini. Nimedhani ndiyo sheria yenu."

Mpare wa Same na mtu wa Lindi tulikuwa tumemchukua mtoto wa Ihanda, tukamfanyia ukarimu mara mbili, na kila mara akarudi nyumbani akiamini amehukumiwa. Kule kumwambia asiogope ndiko kulikomtisha. Na bibi alikaa ukumbini siku zote mbili akitazama, hakusema kitu, kwa sababu nani amfundishe hakimu kazi?

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Tusekile kabla hajafungua. Nikamweleza, na kwamba nataka mtoto aketi kwenye mkeka. Akajipiga paja.

"Na mimi nimemwona anakunja magoti. Nikadhani njaa. Mimi, mtoto wa Rungwe, niliyepigishwa magoti mpaka yakaota sugu!" Akachomeka ufunguo kwa nguvu, ana hasira na nafsi yake. "Siku nyingi humu ndani, Mpare, mtu anasahau hata kwao."

Nikamwambia naingia kwa Mheshimiwa sasa hivi nimweleze. Akaninyooshea kidole.

"Thubutu ugonge ule mlango. Ukimwambia wewe peke yako, hata kama ni habari ya mkeka, kesi imeharibika. Utasema ukumbini, mbele ya wote, mtoto akiwa bado nje. Na usiseme mtoto atajibu nini. Sema mtoto aketi vipi. Hilo halina ubishi wa kesi ndani yake." Kisha akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. "Na wakili umwambie kabla. Usimvizie. Ukimvizia atapinga kwa sababu tu umemvizia."

Kwa hiyo nilikwenda kwa Wakili Simbeye, ofisini kwake juu ya duka la vipuri. Nilikuwa nakwenda kumwambia mpinzani wangu jinsi ya kumfungua mdomo mtoto ambaye ukimya wake ndio ulikuwa ushindi wake. Nilimweleza yote ya mkeka na magoti, basi. Alisikiliza akizungusha kalamu. Nilipomaliza akasema, "Nimekusikia, mama." Nikashuka zile ngazi sijui kama nimemwokoa Leya au nimemuuza.

Siku ilipofika, mtoto akabaki nje na maandazi yake. Nikasimama, nikaomba radhi, nikaomba mahakama imruhusu mtoto akae chini, kwenye mkeka, bila kushikwa na bila kuambiwa amtazame mtu, kwa kuwa ndivyo watoto wa kwao wanavyozungumza na wakubwa. Mheshimiwa aliandika. Kisha akageukia upande wa pili.

"Wakili, una pingamizi?"

Baba wa kambo alimvuta wakili wake koti. Niliona kwa macho yangu. Simbeye akainama akamsikiliza, akasimama, akafunga kifungo cha suti. Hapo moyo wangu ulikuwa umeshatoka nje ya jengo.

"Mheshimiwa, mimi nyumbani ni Mbozi. Mpaka leo nikimjibu baba yangu nachuchumaa, na suti hii hii. Nilipaswa kuliona hili siku ya kwanza. Sina pingamizi. Ila naomba, zamu yangu ya kumuuliza ikifika, na mimi nikae chini."

Mheshimiwa alivua miwani akaifuta. Akaivaa. "Mahakama nayo itashuka," akasema.

Bi Tusekile akaleta mkeka. Nadhani alikuwa ameuweka tayari tangu alfajiri, kwa namna alivyoutoa haraka. Kiti cha kawaida kikawekwa chini ya ile meza ya juu, hakimu akakikalia, faili mapajani. Askari akaambiwa asogee hadi dirishani. Leya akaingia, akaona mkeka, akamtazama bibi yake. Kisha akapiga magoti, na safari hii hakuna aliyemwinua.

"Shikamoo," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwenye jengo lile. Mheshimiwa aliitikia marahaba.

Aliongea, jamani. Aliongea akitazama ukindu, anafuatisha mistari ya mkeka kwa kidole. Kwa bibi anakwenda shule. Kwa bibi analala na bibi. Wakili Simbeye akaja akachuchumaa mbali kidogo, suruali yake ya gharama inaburuza sakafuni, akamuuliza kwa upole kama baba aliwahi kumpiga.

"Hapana."

"Alikununulia vitu?"

"Ndiyo. Viatu. Na begi. Na nikiumwa alinibeba hospitali."

Nikafumba macho. Nilijua anasema kweli, maana mtoto yule hakuwa na uongo, na ukweli wake ulikuwa unajenga nyumba ya matofali upya mbele yetu.

"Sasa kwa nini hutaki kurudi kwa baba?"

Kidole kikasimama kwenye ukindu. "Kule madereva wananiita mke wangu. Wananishika shavu. Nikimwambia baba, baba anacheka."

Wakili alibaki vilevile amechuchumaa, nikadhani ana swali jingine. Akasema taratibu, "Asante, mama. Umesema vizuri," akainuka, akamwambia hakimu amemaliza. Baba wa kambo alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuona mtu mkatili pale. Niliona mtu aliyekuwa anacheka na wateja wake, na sasa anakisikia kicheko kile mahali pasipo na mteja.

Mheshimiwa akaenda ofisini kwake kuandika. Wakati tunasubiri, Bi Tusekile alitaka kuukunja mkeka, kisha akauacha. Ulibaki mahakamani miaka yote iliyofuata, ukachakaa, ukanunuliwa mwingine. Na tangu hapo, kabla ya shauri lolote la mtoto, tukawa tunakutana wote, karani, wakili, askari na sisi wa ustawi, tunaulizana jambo moja tu: huyu mtoto, kwao, mtu anaongeaje na mkubwa? Wa Ileje tukauliza, wa chumvini Ivuna tukauliza, wa Nakonde, upande wa Zambia, tukampigia simu mwenzetu wa ng'ambo tukauliza. Mtakapokuta utaratibu huo msiuone wa kizamani mkaufuta. Ni dakika chache, na hakuna siri ya kesi inayovuja ndani yake.

Uamuzi ulisomwa mchana ule ule. Mheshimiwa aliusoma kwa lugha ya uamuzi, kwamba mahakama baada ya kupitia hiki na kile, inaamuru hivi. Mtoto awe chini ya uangalizi wa bibi, aendelee na shule, na baba wa kambo anaruhusiwa kumtembelea Ihanda mchana, bibi akiwepo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwenye "hiki na kile". Leya hakuwa ameelewa. Alikuwa bado yuko mkekani, macho chini, anangoja. Mheshimiwa akaliona hilo, akafunga faili.

"Leya, unabaki kwa bibi yako."

Mtoto akafikiri. "Mpaka lini?"

Mheshimiwa alitazama faili, kama vile jibu limeandikwa humo. Kisha akaliacha.

"Mpaka ukue, mwanangu."

Tulirudi kwa gari la halmashauri, bibi na Leya nyuma, mimi mbele na dereva. Foleni ya malori ilikuwa imefunga barabara tangu mpakani, haisogei. Nyuma kukawa kimya. Nikageuka nikidhani mtoto analia. Alikuwa amelala mapajani kwa bibi, mdomo wazi, mikono imelegea, usingizi wa mtoto aliyeacha kungoja kuitwa. Bibi akanivuta bega, akaninong'oneza, "Mama, mwambie dereva asipige honi."

Dereva hakupiga. Tulikaa pale, malori mbele, malori nyuma, na sikuwa na haraka ya kufika popote.